Kufuli la Bibi wa Getini

Naandika haya kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo mtanisamehe herufi zikilala. Wa kulia umebaki na gumba na kidole cha shahada, na hivyo viwili vinachoka haraka. Rehema, ambaye sasa ndiye fundi mkuu wa sanamu pale Newala, ndiye aliyenisumbua. Alisema, "Fundi, ukiondoka na hayo yote kichwani, sisi tutayajulia wapi?" Nikamwambia mtayajulia pale mtakapobanwa, kama nilivyoyajulia mimi. Akaweka karatasi mezani, akaenda zake kuchemsha chai. Basi, nimeshika kalamu.

Sitaandika nilipanda cheo lini wala nililipwaje, hayo hayatawasaidia. Nitaandika kazi. Na nitataja majina, maana waliofanya walikuwa na majina. Nimestaafu katika umri ambao wenzangu ndiyo kwanza wanagombea uenyekiti wa kijiji. Hilo halikutokea lenyewe.

Mimi ni mtu wa Chilangala. Shule niliishia darasa la tano, nikaingia kwenye mashine za kupulizia dawa mikorosho. Msimu ukifika na mashine zikagoma, watu walinifuata mpaka shambani, ndiyo maana nikaitwa Fundi Bomba. Siku niliposikia kwamba Newala mjini kuna mradi wa sanamu za Kimakonde zinazoinua mikono zenyewe, na wanatafuta mtu wa kuzihudumia, nilidhani ni utani wa watu wa Masasi. Watu wa Masasi kwa utani hawajambo.

Nilikwenda hivyo hivyo. Uwanja ulikuwa karibu na ukingo wa mlima, pale ardhi inapokatika na bonde lote la Ruvuma linaonekana chini. Getini nikamkuta Bibi. Nyote mnamjua: mwanamke mzee wa mti, mrefu kuliko mlango, na ndonya, kile kipande cha mti, kwenye mdomo wa juu na chale usoni. Sikuwa nimeambiwa kitu. Nilipoinama kuweka begi langu chini, Bibi naye akainama, taratibu, akashusha mkono wake mpaka usawa wa kichwa changu. Nilisema shikamoo. Kweli kabisa. Nyuma yangu mtu akacheka mpaka akakohoa.

Aliyecheka ni Baba Nestori, mchongaji. Vichwa vyote vya zile sanamu ni kazi ya mikono yake. Pembeni yake, amekaa chini kabisa na miguu ameinyoosha, palikuwa na mwanamke mwenye khanga kiunoni na bisibisi masikioni kama mtu anavyoweka sigara. Huyo alikuwa Mama Sharifa, mtu wa Tanga aliyeolewa Masasi. Alikuwa akisuka mota sokoni kule kabla mradi haujamchukua. Walikuwa katikati ya ugomvi wao wa kila siku.

"Mama, nimeshakwambia," Baba Nestori alisema. "Mbele ya watu usiingize mikono tumboni kwake. Kwenye mapiko, ngoma zetu za vinyago, mambo ya ndani ya kinyago mwanamke hayajui."

"Humo ndani kuna mota niliyoisuka mimi mwenyewe," Mama Sharifa akasema. "Mgeni humo ni wewe."

Huo ndio ulikuwa ukaribisho wangu kazini. Ndani ya wiki ile nilifundishwa yote. Kila sanamu ina bodi yake tumboni, na kifuani ina kijicho cha umeme kinachopima aliyesimama mbele yake yuko mbali kiasi gani na ameinama au amesimama. Bodi zote zinaongea kupitia ruta ya ofisini. Sanamu moja ikikuona inazipasha nyingine habari: ukimwinamia Bibi getini, mpiga ngoma wa nyuma anageuza shingo, na wale watu waliopandana kama mnara wanaanza kupokezana mikono kutoka chini hadi juu. Vichwa vinazungushwa na mota za waipa za magari. Mikono ina mota kubwa na cheni za baiskeli. Hakuna uchawi humo. Kuna grisi, na vumbi jekundu linaloigeuza grisi kuwa msasa msipoifuta.

Kanuni ya Mama Sharifa ilikuwa moja, na nimeirudia kwenu mpaka mmechoka. Mgongoni mwa kila sanamu palikuwa na swichi nyekundu ya ufunguo. Unazungusha, unachomoa ufunguo, unatia mfukoni. Siku ya kwanza nilijifanya mjuaji. Umeme wa mji ulikuwa umekatika, nikapeleka mkono moja kwa moja kwenye kiwiko cha mpiga ngoma. Mama Sharifa alinipiga kofi la mgongo ambalo nalisikia hadi leo.

"Umekatwa wapi?"

"Mama, si mji mzima giza?"

"Giza la ukutani. Betri ya humo ndani nani ameikata? Ufunguo ukae mfukoni mwako, Fundi Bomba. Usiweke mezani. Usimpe mwenzako. Mfukoni mwako."

Kesi yangu ngumu ya kwanza ilikuwa ya ukungu. Mnaujua ukungu wa Newala wa asubuhi, unapanda kutoka bondeni kama moshi wa kuni mbichi. Asubuhi moja tulikuta sanamu zote zinainama na kuinuka mbele ya uwanja mtupu. Walinzi walikataa kuingia. Mmoja akasema kwa Kimakonde maneno ambayo siyaandiki hapa. Kumbe vile vijicho vilikuwa vinauona ukungu kama mtu. Asubuhi nzima sanamu zinauamkia ukungu, na ukungu hauitikii.

Aliyetutoa hapo ni Baba Nestori, kwa sababu zake mwenyewe. Kwetu kinyago ambacho hakichezi hakiachwi uso wazi. Kinafunikwa, na kikifunikwa kila mtu anajua kimepumzika. Alikuwa anachukia siku zote kuona vichwa vyake vimeachwa uchi usiku kucha. Akaleta kaniki, vile vitambaa vyeusi, akafunika sanamu moja moja kuanzia kichwani hadi kifuani. Vijicho vikazibwa, sanamu zikatulia. Injinia Pius, kijana wa mradi aliyekuwa anaandika maagizo ya zile bodi, akaongeza agizo kwamba kijicho kikizibwa kabisa, sanamu ilale. Ikawa desturi ya uwanja. Sanamu yenye kaniki imelala, unapita mbele yake bila wasiwasi. Hata mama wa chai alikuwa anaegemea.

Tulifanya hivyo miaka, na swichi zikiwepo. Kaniki kwa ajili ya ukungu na heshima, ufunguo kwa ajili ya mikono. Vitu viwili. Kumbukeni hapo.

Kisha mradi ukaamua kumjengea Bibi pacha Masasi. Wazo lilikuwa zuri, sitalisema vibaya. Mtu akiinama Masasi mbele ya pacha, Bibi wa Newala anainama. Akiinama mtu Newala, pacha anainama. Wazee wenye watoto kule chini Masasi walilipenda. Mama Sharifa akahamishiwa kule, nyumbani kwake, nami nikabaki na uwanja.

Mkuu wa mradi alikuwa Edgar Kisanga. Kwenye lawama, huyo ndiye wa kwanza. Alikuja siku moja na mpiga picha, wakamzunguka Bibi, kisha akaniita.

"Fundi, hii nyekundu mgongoni ni ya nini?"

"Swichi, bosi."

"Inaharibu picha. Bibi mzima wa watu ana kitu kama kitovu cha plastiki mgongoni. Itolewe."

"Tukitaka kumhudumia tutamzimaje?"

"Si mnamfunika? Akifunikwa si analala? Basi."

Nilimtazama Injinia Pius. Huyo ni wa pili. Alikuwa amesimama pale pale na laptopu yake. Alijua. Mama Sharifa alishamwambia, nami nilikuja kuyajua hayo baadaye, kwamba agizo la Masasi linaingia kwa njia nyingine na wala halikiulizi kijicho. Alimjibu, "Nitarekebisha kabla ya uzinduzi." Akazitoa swichi zote, akaunganisha nyaya moja kwa moja, akaziba matundu kwa vumbi la mbao na gundi. Kazi safi, ukipapasa huoni kitu. Baba Nestori akapaka rangi ya viatu juu yake na akasema sasa Bibi anapendeza. Simlaumu. Hakuna aliyemweleza.

Hatukujua, sisi wa uwanjani, kwamba Bibi sasa alikuwa na macho Newala na masikio Masasi. Sisi tulifunika macho.

Siku ya uzinduzi sherehe ilikuwa Masasi. Kule walikuwa wameweka skrini kubwa ili watu wamwone Bibi wa kwetu akiitikia. Asubuhi Pius akanipigia simu kutoka Masasi. Kiwiko cha kulia cha Bibi kilikuwa kinalia, na mlio ungesikika kwenye spika.

"Mpake grisi, fundi."

"Mnaanza saa ngapi?"

"Bado sana. Mgeni rasmi bado yuko njiani. Mfunike, fanya kazi, ukimaliza nipigie ndiyo tuanze."

Nikamfunika. Baba Nestori akashika ngazi. Nikafungua kifuniko cha kiwiko, nikatia mkono ndani kufikia gia ya chini, ile ambayo haifikiki kwa brashi. Kumbe mgeni rasmi alikuwa ameshafika. Kisanga hakumuuliza Pius kitu, wala Pius, aliyekuwa amesimama palepale anajua niko wapi, hakufungua mdomo. Kisanga alimwona Bibi kwenye skrini amefunikwa kaniki, na kwa mazoea ya huko alikotoka, kitu kilichofunikwa siku ya sherehe kinasubiri kufunuliwa. Aliona tumemwandalia. Akamwambia mgeni, "Karibu mheshimiwa, inama umwamkie Bibi wa Newala."

Mheshimiwa akainama.

Sitaeleza sana. Cheni ilivuta na gia ikaniingia. Nilisikia sauti ya kitu kama mua unaovunjika, nikaelewa ni mimi. Baba Nestori akanishika kiuno, anavuta, nami namwambia asivute. Akaivua kaniki, akamtazama Bibi usoni, akapiga kelele, "Amka! Hapana, lala! Lala, bibi!" Nilimsikia na nikataka kumcheka. Mkono wa Bibi ulikuwa unazidi kushuka, kidogo kidogo, kwa sababu kule Masasi mpiga picha alikuwa amesema, "Mheshimiwa, kaa hivyo hivyo, hivyo hivyo, moja tena."

Yaliyofuata nilisimuliwa. Mama Sharifa alikuwa nyuma ya umati anakunja nyaya. Alipoinua macho kwenye skrini aliiona kaniki, Baba Nestori bado hajaivua, na chini ya kaniki akaona ngazi, na kwenye ngazi viatu vyangu. Kwa yule mama, kaniki ilikuwa na maana moja tu: kuna mtu kazini. Alipita katikati ya viti. Kisanga akamzuia kwa mkono.

"Mama, toka kwenye picha!"

"Mheshimiwa, inuka! Unamvunja mtu!"

"Mama Sharifa!"

Akamshika mheshimiwa kola ya koti na kumsimamisha wima kama mtoto aliyesinzia madrasa. Mheshimiwa akasimama. Pacha akasimama. Na huku Newala, Bibi akainua mkono wake na kuniachia.

Nina vidole viwili kwa sababu ya lile koti. Mheshimiwa, nasikia, hakukasirika. Kisanga ndiye aliyekasirika.

Hospitali nilikaa muda wa kutosha kusikia hadithi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Kisanga: kwamba fundi aliingia kazini bila taarifa na bila kufuata utaratibu. Alipokuja kunitazama alisimama mlangoni na juisi ya boksi. Nikamuuliza utaratibu wenyewe ni upi, anitajie tu nami niujue. Akasema nipumzike. Ya pili ilikuwa ya mtaani: kwamba mizimu imekasirika kwa sababu mwanamke aliingia tumboni mwa Bibi. Mke wangu alikuja nayo kutoka sokoni, amenuna.

"Wanasema ni yule Mtanga wako ndiye aliyeleta mkosi."

"Waambie mkosi ulisomea uinjinia," nikamjibu. "Na mwingine anavaa tai."

Lakini hadithi hizo zilifanya kazi yake. Ukisema ni uzembe wa fundi, huhitaji kurudisha swichi. Ukisema ni mizimu, pia huhitaji. Nikiwa nimelala pale nikaona wazi kwamba nitapona, nitakwenda zangu Chilangala, atawekwa mtu mwingine mwenye vidole kumi, ataambiwa "mfunike tu," na atatia mkono. Nikaamua sitakwenda Chilangala.

Niliporudi uwanjani bandeji ilikuwa bado haijatoka. Baba Nestori alikuwa ameacha kuchonga. Alikaa na kaniki magotini, ameikunja vizuri.

"Ni kitambaa changu kilichokuua," alisema.

"Sijafa. Na kitambaa chako hakina kosa. Kilisema amelala, na kwa upande wetu alikuwa amelala. Sasa nisaidie, nataka tutoboe mgongo."

Alinitazama kama nimetukana. Kichwa na mgongo wa Bibi hakuna aliyewahi kuvigusa kwa chuma isipokuwa yeye. Kisha akaenda kuleta patasi. Alitoboa mwenyewe, palepale palipozibwa na Pius. Mama Sharifa alikuja kutoka Masasi na swichi alizomwomba Pius baada ya kuzitoa. Hakuwa amezitupa, anasema alijua zitahitajika, akamrudishia Bibi ya kwake. Fundi wa kuchomelea wa pale sokoni akatutengenezea visanduku vya chuma vya kufunika swichi, kila kimoja na ulimi wenye matundu ya kutilia kufuli. Maana nilishajifunza kwamba ufunguo mfukoni hautoshi ikiwa bosi anaweza kuamuru swichi yenyewe itolewe. Nilinunua kufuli dukani, nikamzima Bibi, nikatia kufuli kwenye ulimi, nikaufunga ufunguo shingoni kwa uzi wa kushonea viatu.

Kisanga alikuja siku hiyo hiyo.

"Nani amekuruhusu kutoboa mgongo wa Bibi?"

"Vidole vyangu."

"Vipi?"

"Niliviuliza, vikasema ndiyo. Vilivyobaki pia."

Akasema kuna vijana wengi wanaitaka hii kazi. Nikamwambia awalete, nami nitawaonyesha mkono. Akaagiza kisanduku kikatwe. Walimwita fundi wa kuchomelea wa sokoni, huyo huyo aliyekitengeneza, naye akaja, akakizunguka kisanduku, akakuna kichwa na kusema mashine yake ya kukatia imepata hitilafu. Akaombwa arudi kesho. Kesho yake ilikuwa bado mbovu.

Wageni walikuja, Bibi amelala, kaniki kichwani, kufuli mgongoni. Nilikaa kwenye kigoda mbele yake. Kila aliyeuliza kwa nini haamkii, nilimwonyesha mkono na nikamtajia majina: Edgar Kisanga aliyetoa amri, Pius aliyeunganisha nyaya huku anajua. Majina hayo hayo ninayoyaandika hapa. Watu wa Masasi waliokuja kuwaona jamaa zao walikuwa wakali zaidi. Mama mmoja alimwambia Kisanga usoni, "Baba, sisi pacha wetu anainama peke yake kama mwendawazimu. Malizeni ugomvi wenu."

Siku fulani nilikuta kwenye ulimi wa kisanduku, pembeni ya kufuli langu, kuna la pili. Lilikuwa la Baba Nestori, lile la nyumbani kwake, limeshika kutu. Kisha mlinzi akaleta lake. Mama Sharifa akaweka la kwake kwa pacha, Masasi, na akawaambia wenzake kule wafanye hivyo hivyo. Hapo ndipo kanuni ilipokamilika, na hakuna aliyekaa chini kuitunga: kila anayetia mkono, anatia kufuli lake kwanza, na hakuna anayetoa kufuli la mwenzake. Sanamu haiamki mpaka wa mwisho atoe la kwake.

Pius alikuja mwishoni. Alikuwa na kufuli jipya, karatasi ya dukani bado imebandikwa. Alisema, "Fundi, nimerekebisha agizo. Masasi sasa haiwezi kumwamsha akiwa amefunikwa. Na nimeleta kufuli." Nilimsogezea kisanduku. Sikumshukuru na sijamsamehe, na mpaka leo tunaamkiana vizuri. Kisanga alisaini swichi zirudi, kisha akahamishwa. Nasikia anaendesha mradi mwingine mahali. Mkikutana naye, tazameni migongo ya vitu vyake kabla hamjapeleka mkono.

Nilifanya kazi miaka mingine na vidole viwili. Niliwafundisha ninyi. Nyuki kwenye kichwa cha mpiga ngoma, panya waliokula waya wa mnara, yote mnayajua, mlikuwepo. Lakini asubuhi za baridi mkono unakufa ganzi, skrubu ndogo inaniponyoka, na fundi anayeangusha skrubu ndani ya gia ni hatari kwa wenzake. Nikasema inatosha.

Siku yangu ya mwisho tulimfanyia Bibi huduma nzima. Tulipomaliza, kila mtu akatoa kufuli lake. La Rehema, la Baba Nestori, la Pius. Langu likabaki peke yake. Nikalifungua, nikalitia mfukoni, nikazungusha swichi. Baba Nestori akaivua kaniki. Mbele ya Bibi hapakuwa na mtu. Bibi akainama, taratibu, akashusha mikono yote miwili.

Simu ikaita. Mama Sharifa, kutoka Masasi, na pumzi za mtu aliyetoka kuinama kwa umri wake.

"Ameinama?"

"Ameinama. Ila mkono wa kushoto unachelewa. Grisi imekauka kiwikoni."

"Nimeuona huku kwenye skrini. Nilikuwa nangoja nione kama utausema."

Rehema alikuwa ameshachukua kopo la grisi na ngazi, anakwenda. Nikamzuia. Akanyoosha kiganja, anataka kufuli langu, eti liwe kumbukumbu. Nimelipeleka Chilangala, nimefungia banda la mbuzi. Dukani yapo mengi, Rehema. La kwako unalo, litie kwanza, ndipo upande ngazi.